Je, Kampuni ya Maji Inaweza Kuadhibiwa? Jibu kwa Mama wa Ploti ya Vyumba Kumi na Viwili

"Wakili, pokea salamu. Ninaishi na watoto wangu watatu katika ploti ya vyumba kumi na viwili, pembezoni mwa mji mmoja huku Nyanza. Maji yetu ni ya kampuni ya kaunti, hufunguliwa mara mbili kwa wiki, na bili tunagawana. Tangu mvua za Aprili zianze, maji yakifunguliwa hutoka yakiwa na rangi ya chai kwa dakika kadhaa, na yananuka mtaro. Watoto wangu wawili waliugua kuhara na homa, hospitalini nikaambiwa ni taifodi, nikalipa shilingi 14,600. Nyumba nne za majirani pia zina wagonjwa. Nimekwenda ofisi ya kampuni mara tatu na kila mara naambiwa fundi atatumwa. Mwenye nyumba naye anasema si kazi yake. Nimesikia kwamba sheria ina faini ya milioni moja. Je, nikiwashtaki nitalipwa hiyo milioni? Wengine wananiambia serikali haiwezi kujishtaki, na wengine wanasema tuache kulipa bili mpaka maji yasafishwe. Nishike lipi?"

Mama, pole sana kwa maradhi ya watoto, na pole kwa kuzungushwa. Kabla ya sheria, tuanzie jikoni. Maji hayo yasinywewe tena, yasipigiwe mswaki wala kuoshea matunda, mpaka yachujwe kwa kitambaa safi na kuchemshwa hadi yatokote kwa nguvu kwa dakika moja nzima. Yakipoa, yaweke katika chombo chenye koki au mdomo mwembamba, si ndoo iliyo wazi ambayo kila mtoto hutumbukiza kikombe. Mtoto akihara mpaka macho yakaingia ndani, akalegea au akashindwa kunywa, mkimbize hospitali usiku huohuo na umnyweshe ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji, njiani. Mambo ya barua yatangoja. Wasomaji wangu wa Nakuru nao wasilichukue agizo hili kama lilivyo, kwa sababu kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi, yale madini yanayoharibu meno na mifupa, ya visima vya Bonde la Ufa. Maji yanapopungua sufuriani, floraidi huzidi kukolea. Kikomo chake ni miligramu 1.5 kwa lita, na kinachosaidia ni kichujio cha mkaa wa mifupa au kubadili chanzo cha maji.

Sasa nije kwenye ulichouliza. Swali lako ni moja, ila limebeba matatu: nani amevunja sheria, nani ana mamlaka ya kumwadhibu, na nani atakurudishia gharama zako. Watu wengi huyachanganya haya, wakaenda polisi kutafuta fidia au wakaenda kwa mwakilishi wa wadi kutafuta adhabu, na mwisho wakakata tamaa wakidhani sheria haina meno. Meno inayo, ila kila jino lina mahali pake.

Milioni uliyoisikia ipo kweli. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inasema kwamba mtu akipatikana na hatia chini yake, na kosa hilo likawa halikuwekewa adhabu yake maalumu, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka miwili, au vyote viwili. Litazame vizuri neno "isiyozidi". Hicho ni kikomo cha juu, na hakimu ana uhuru wa kutoza kidogo kuliko hapo. La pili, ambalo ndilo kubwa kwako, ni kwamba faini huingia katika hazina ya serikali, haiendi kwa aliyeumia. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Anayeiendesha ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na wewe ndani yake ni shahidi. Hakimu anao uwezo wa kuamuru mwathiriwa alipwe fidia baada ya hukumu, lakini usiweke matumaini ya ada ya shule ya watoto juu ya uwezo huo.

Nitakwambia pia jambo ambalo wanasheria wenzangu hawapendi kulisema hadharani. Faini inapotozwa kampuni ya maji inayomilikiwa na kaunti, hailipwi na meneja wala na fundi aliyepuuza bomba lililopasuka. Inatoka katika fedha za kampuni, na fedha hizo ni bili mnazolipa wewe na majirani zako. Shilingi milioni moja zilizokwenda kortini ni mabomba ambayo hayatanunuliwa. Kwa sababu hiyo, mteja akija kwangu na shauku ya kuona kampuni ikitozwa faini, humuuliza kwanza: unataka walipe, au unataka maji yabadilike? Kwa kadiri ninavyoiona hali yako, unachohitaji zaidi ni amri yenye tarehe, iliyoandikwa na mwenye mamlaka, inayosema bomba fulani litengenezwe kabla ya siku fulani na maji yapimwe baada ya hapo. Amri kama hiyo humfuata mtu hadi ofisini kwake, na akiipuuza iliyotolewa na mahakama, yeye mwenyewe anaweza kuitwa ajieleze kwa nini asifungwe kwa kuidharau.

Hilo la kwamba serikali haiwezi kujishtaki si kweli. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa na fidia anapodhurika, na inataja wazi kwamba haki hiyo inahusu huduma zinazotolewa na taasisi za umma sawasawa na za watu binafsi. Huduma za maji mijini ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne, na kampuni ya kaunti haina kinga yoyote ya kuuza maji machafu. Wako Wakenya waliokwisha kuipita njia hii. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliodhurika kwa madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, walikishtaki kiwanda pamoja na taasisi za serikali zilizokuwa na wajibu wa kukisimamia. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya Mahakama ya Rufaa kuupangua uamuzi huo mwaka 2023, Mahakama ya Juu iliirejesha fidia hiyo mwezi Desemba 2024. Sikutajii mfano huu ili uote mabilioni; wale walisubiri miaka mingi na wengine walizika watoto wao njiani. Nautaja ili mtu akikwambia serikali haishtakiki, uwe na la kumjibu.

Ugumu ulipo ni mwingine, na ni vyema uujue mapema. Afisa wa afya ya umma ambaye kazi yake ni kukagua maji ni mwajiriwa wa kaunti, na kampuni ya maji ni mali ya kaunti hiyohiyo. Wengi wa maafisa hawa ni watu waadilifu na nimeshirikiana nao kwa miaka mingi, lakini kumwandikia notisi ndugu wa nyumba moja kunahitaji moyo. Kadiri malalamiko yako yatakavyokuwa kwa maandishi, na yenye saini nyingi, ndivyo utakavyomrahisishia afisa huyo kutimiza wajibu wake.

Hebu sasa tulitazame bomba lenyewe, kwa maana sheria nzima ya jambo hili imejificha humo. Watu hudhani maji machafu yametoka machafu kwenye mtambo. Mara nyingi yanatoka huko yakiwa safi, yenye klorini ya kutosha, na yanachafukia njiani. Bomba lililojaa maji kwa shinikizo, hata likiwa na tundu, huvujisha kutoka ndani kwenda nje, na kinachopotea ni maji tu. Lakini maji yakifungwa kwa siku tatu, bomba hubaki tupu. Wateja wa bondeni wanapofungua mifereji yao, maji yaliyosalia huteremka na kuacha mvuto nyuma yake, na tundu lilelile sasa hunyonya kutoka nje kwenda ndani. Ikiwa bomba limepita ndani ya mtaro, au karibu na choo cha shimo kilichojaa mvua, linanyonya kilichomo humo. Siku maji yanapofunguliwa, uchafu huo ndio unaotangulia kwenye mfereji wako. Hiyo ndiyo rangi ya chai ya dakika za mwanzo. Hata maji yakitakata baadaye usiyaamini, kwa sababu matope na uchafu hula klorini, na vijidudu hubaki katika maji yanayong'aa.

Jambo hili lina maana ya moja kwa moja kwa kesi yako. Wajibu wa kampuni hufika kwenye mita. Bomba kabla ya mita ni lake; baada ya mita, pamoja na tangi la juu ya paa, ni la mwenye nyumba. Kwa hiyo mwenye nyumba wako anaweza kuwa amesema kweli, na anaweza kuwa amekwepa. Kuna njia rahisi ya kujua: siku ya maji, kinga chupa moja kutoka mfereji ulio karibu kabisa na mita, kabla maji hayajaingia tangini, na nyingine kutoka mfereji unaolishwa na tangi. Ya kwanza ikiwa chafu, mzigo ni wa kampuni. Ya kwanza ikiwa safi na ya pili chafu, mwenye nyumba ndiye wa kuulizwa, na Sheria ya Afya ya Umma inamhusu waziwazi, kwa kuwa kifungu cha 118 kinalihesabu tangi au kisima chochote chenye maji ya kunywa yaliyochafuka kuwa kero ya kiafya, liwe la umma au la mtu binafsi. Iko hali ya tatu pia. Katika baadhi ya mitaa ya Kisumu, kama Nyalenda na Manyatta, kampuni huuza maji kwa jumla kwa msimamizi wa mtaa, naye ndiye anayeunganisha wateja na kuwatoza. Kama mji wenu una mpango wa namna hiyo, angalia jina lililo juu ya bili yako, maana huyo ndiye wa kwanza kuandikiwa. Na ukiona vile vipira vyembamba vilivyorundikana mtaroni kama tambi, waulize majirani kwa upole ni vya nani; viunganisho vya wizi hutoboa bomba kuu, na kampuni haitakosa kujitetea kwa kuvitaja.

Safari zako tatu za ofisini, mama, kisheria ni kama hukwenda. Sisemi hivi kukuumiza. Neno lililosemwa dirishani halina tarehe wala shahidi. Wiki hii andika barua moja fupi: jina, nambari ya akaunti na ya mita, tarehe ambazo maji yalitoka machafu, idadi ya wagonjwa, na ombi kwamba bomba likaguliwe na maji yapimwe katika siku saba. Tia saini, na majirani watie za kwao. Peleka nakala mbili, moja waichukue, na nyingine waigonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakikataa kugonga muhuri, itume kwa barua pepe na uuhifadhi ujumbe huo. Nakala yenye muhuri ndiyo itakayofungua kila mlango nitakaoutaja hapa chini.

Siku hiyohiyo nenda kwa afisa wa afya ya umma wa wadi au kaunti ndogo yako, umwombe aje achukue sampuli siku maji yanapofunguliwa. Usichukue sampuli ya kesi wewe mwenyewe kwa chupa ya soda iliyooshwa. Wakili wa upande wa pili atauliza maswali mawili tu, chupa ilikuwa safi kiasi gani na nani aliibeba, na ushahidi wako utakuwa umekwisha. Sampuli ya kupima vijidudu huchukuliwa kwa chupa iliyotakaswa, yenye dawa ya kuzima klorini ili isiendelee kuviua safarini. Mdomo wa mfereji hufutwa kwa spiriti au kuunguzwa kwa moto, maji huachwa yatiririke kidogo, chupa hufungwa na kuandikwa saa na mahali, kisha husafirishwa katika kisanduku chenye barafu na kufika maabara ikiwezekana ndani ya saa sita. Ukitaka kumwonyesha hakimu uchafu wa yale maji ya kwanza, mwombe afisa achukue sampuli mbili, ya dakika ya kwanza na ya baadaye, na aandike hivyo. Pale Kisumu kuna maabara ya Mkemia wa Serikali, na matokeo yake yana uzito mahakamani. Kiwango hakina utata: katika mililita 100 za maji ya kunywa pasiwepo hata kijidudu kimoja cha E. coli, kijidudu kinachotoka kwenye kinyesi.

Klorini nayo hupimwa palepale mferejini, na hiki ni kipimo ambacho unaweza kukishuhudia kwa macho yako. Afisa hujaza kijibomba cha plastiki, hutia kidonge kidogo, hukitikisa. Klorini ikiwapo, maji hugeuka rangi ya waridi, na ukali wa rangi hulinganishwa na vipimo vilivyochorwa pembeni. Yanayomfikia mteja yanapaswa kuwa na angalau miligramu 0.2 kwa lita. Maji yasipogeuka rangi kabisa, omba iandikwe "sifuri" mbele yako, na upige picha.

Kuhusu maandishi ya klorini nina kumbukumbu ambayo haijanitoka. Miaka iliyopita, kabla sijawa wakili, nilikuwa katika kazi ya afya ya umma, na nilifungua daftari la mtambo wa maji wa mji fulani ambao sitautaja. Miezi mitatu mizima, asubuhi na jioni, kila mstari ulisema 0.5. Kalamu ilikuwa ileile, mwandiko uleule, hata wino ulikuwa umefifia kwa pamoja mwishoni mwa ukurasa. Katika miezi hiyo umeme ulikatika mara kadhaa na pampu ya klorini ikasimama, lakini daftari halikujua. Nilipomuuliza kijana wa zamu, alitazama chini akasema kwamba kipimo kilikuwa kimeharibika tangu mwaka uliotangulia. Hakuna aliyekufa mwezi ule, na hiyo ilikuwa rehema ya Mungu, haikuwa kazi yetu. Walkerton, mji mdogo wa Kanada, haukupata rehema hiyo: Mei 2000 mvua kubwa iliingiza samadi ya ng'ombe katika kisima cha mji, watu wapatao 2,300 wakaugua na saba wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba vipimo vya klorini vilikuwa vikibuniwa daftarini kwa miaka. Meneja wa maji alikiri kosa na mwaka 2004 akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja.

Ninakueleza haya kwa sababu rekodi hizo nawe una haki ya kuziona. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuiandikia kampuni na kuomba nakala za vipimo vya klorini na vya vijidudu vya eneo lako kwa miezi, tuseme, sita. Wanapaswa kujibu ndani ya siku 21, na habari inapohusu uhai wa mtu, ndani ya saa 48. Andika wazi katika barua kwamba watoto wanaugua. Wakinyamaza, peleka nakala kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi tunaijua kama Ombudsman. Katika kesi nilizosimamia, barua hii ya rekodi imewatikisa wakubwa kuliko tishio lolote la korti.

Siku saba zikipita bila fundi, milango inayofuata ni hii. Wa kwanza ni Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, WASREB, ambayo ndiyo inayotoa leseni kwa kampuni zote za maji za kaunti. Ina mamlaka ya kukagua mitambo, kupokea malalamiko ya wateja, na kusimamia masharti ya leseni, mojawapo likiwa ubora wa maji. Itataka kwanza kuona kwamba uliilalamikia kampuni, na ndiyo maana nimekazania muhuri. Kufuta leseni ni hatua ya mwisho kabisa na sikushauri uiombe, kwa kuwa mji hauwezi kukaa bila maji. Omba ukaguzi na agizo la marekebisho lenye muda. Usiporidhika na uamuzi wa bodi, unaweza kukata rufaa katika Jopo la Maji, baraza linaloamua migogoro ya maji, na kutoka huko kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kwa hoja za kisheria ndani ya siku 21.

Wa pili ni afisa wa afya yuleyule. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Afya ya Umma kinaitwika mamlaka ya mahali, ambayo leo ni kaunti, wajibu wa kuzuia uchafuzi wa maji ambayo umma hunywa, na vifungu vya 119 na 120 vinampa uwezo wa kumwandikia aliyesababisha kero notisi ya kuiondoa, na akikaidi kumfikisha mbele ya hakimu. Faini zake ni ndogo, ziliwekwa zamani, lakini hakimu anaweza pia kuamuru kero iondolewe, na hapo ndipo faida yako ilipo. Kama chanzo ni bomba la maji taka linalovuja, waarifu NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, pia, kwa sababu sheria ya mazingira inaweza kumfikia hata mkurugenzi au ofisa wa kampuni aliyejua kosa na asichukue hatua ya kulizuia. Polisi ninawaweka nyuma. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 191, inamtia hatiani mtu anayechafua kwa makusudi chemchemi au hifadhi ya maji ya umma, na cha 186 kinahusu uzembe unaoweza kueneza ugonjwa wa hatari; lakini kuthibitisha makusudi au ujuzi pasipo shaka, dhidi ya mtu fulani mwenye jina, ni kazi nzito. Ukiona mtu anatoboa bomba kuu au anamwaga kinyesi penye chanzo, hapo nenda kituoni moja kwa moja uandikishe, na uondoke na nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi.

Shilingi zako 14,600 zina njia yake. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya madhara ya mwili, inaruhusu mtu ajisimamie bila wakili, na sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60. Kisumu na Nakuru zote zinayo. Hapa hutahitaji kuthibitisha pasipo shaka. Inatosha uonyeshe kwamba yaelekea zaidi kuwa maji yale ndiyo yaliyowafanya watoto waugue. Na hapa, mama, sitakuficha udhaifu wa kesi yako. Taifodi huchukua kwa kawaida wiki moja hadi tatu kabla ya kujitokeza, hivyo mtoto aliyeugua siku moja baada ya maji machafu, kama kweli ni taifodi, aliipata mapema zaidi. Tena, wengi wetu huambiwa tuna taifodi kwa kipimo cha damu kiitwacho Widal, ambacho mara nyingi hudanganya. Wakili mwerevu atakipinga. Kipimo cha kuotesha vijidudu vya damu au choo kina nguvu zaidi. Rudi hospitalini uombe ripoti ya daktari inayosema kipimo gani kilifanywa na dalili zilianza lini. Kinachokuinua ni zile nyumba nne za majirani: familia tano zenye mfereji mmoja na wagonjwa katika wiki zilezile ni ushahidi mzito kuliko risiti yako peke yake. Andikeni tarehe za kila mgonjwa sasa, kabla hazijasahaulika. Wala msilale: madai ya uzembe dhidi ya serikali yana muda wa miezi 12 tu, na hata kama baadaye itabishaniwa kwamba kampuni si serikali, hesabu miezi hiyo 12 kana kwamba inakuhusu.

Kuacha kulipa bili sikukubaliani nako hata kidogo. Ninaelewa uchungu wa kulipia maji ya mtaro, lakini siku utakapoacha kulipa, kampuni itapata sababu halali ya kukata maji, na katika kila jalada utageuka kutoka mlalamikaji hadi mdaiwa. Lipa, na juu ya risiti au katika barua uandike kwamba unalipa huku ukilalamikia ubora. Ukiona bili imepanda kwa maji mnayoyamwaga kila yanapofunguliwa, dai upunguziwe kwa maandishi.

Je, uende Mahakama ya Mazingira na Ardhi? Mlango upo. Ibara ya 22 inaruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya kundi, na Ibara ya 70, panapohusika haki ya mazingira safi, haikutaki uthibitishe kwamba umekwisha kuumia. Ni hapo panapopatikana ile amri yenye tarehe niliyoitaja. Lakini ni njia ndefu, inahitaji wakili, na mimi singeifungua kabla ya barua, vipimo na jibu la WASREB kuwa mkononi. Mkifika hapo na fedha hamna, ulizeni kuhusu msaada wa kisheria wa serikali chini ya sheria ya mwaka 2016.

Kuna hali tatu ambazo hazingojei hatua hizo zote: akifariki mtu, wakizuka wagonjwa wenye kuhara maji kama ya mchele, ambayo ni dalili ya kipindupindu, au mtoto akibaki na ulemavu. Likitokea mojawapo, mjulishe afisa wa afya saa hiyohiyo, kisha mwone wakili ana kwa ana wiki hiyo, ukiwa na barua yenye muhuri, bili tatu za mwisho, ripoti za hospitali, matokeo ya maabara, orodha ya wagonjwa wa ploti na picha za bomba lilivyopita mtaroni. Hata kama hujavipata vyote, nenda na ulivyo navyo.